Kamera gani inafaa kupiga UFO (vitu visivyojulikana angani) usiku?

Wakuu, niko Hombolo huku Dodoma, jana usiku nimeona taa kibao zimejipanga mstari mmoja zinapita kimya juu ya bwawa, nikapiga na simu ikatoka kama punje ya uwele, ninunue kamera gani kabla hawajarudi?

— Mkuu hizo ni satelaiti za Starlink zimerushwa karibuni. Ila kamera chukua tu, lenzi ya f/1.8 (tundu pana, inaingiza mwanga mwingi), ISO 3200 (wepesi wa kunasa mwanga), shata iache wazi sekunde 10, fokasi ya mkono. Na stendi nzito, upepo wa Dodoma hauna adabu!

— Nikon P1000 inazumu mara 125, ila ukivuta mwisho inabaki f/8 (tundu dogo, mwanga kiduchu), gizani picha chenga tupu. Kwa sayari ya Zuhura sawa.

— Asanteni, naanza na stendi, beberu anaenda mnadani.