MREJESHO: Matuta mbele ya shule, Temeke

Wakuu, nimerudi. Niliomba ushauri tupateje matuta na kivuko mbele ya shule ya msingi mtaani kwetu, baada ya bodaboda kumgonga mtoto wa darasa la pili.

Kwanza tulichemka wenyewe: barua tuliipeleka TANROADS, kumbe wao ni barabara kuu na za mikoa. Ya kwetu ni ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Aliyesema tuanzie serikali ya mtaa, ubarikiwe. Muhuri wa mwenyekiti ulifungua mlango.

Ila kilichomaliza kazi ni daftari. Mama muuza vitumbua pale kona alikaa wiki nzima akipiga kistari kila gari lilipogoma kusimama kuwapisha watoto. Mhandisi alifunua zile kurasa zenye madoa ya mafuta, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Hizi zote ni za asubuhi tu?”

Matuta mawili yapo. Moja limezidi kimo, bajaji zinakwangua tumbo. Zebra imechorwa. Kibao cha mwendo wa kilomita 30 kwa saa bado tunakidai, maana 50 ya kwenye makazi kwa watoto ni mbio.

Mtoto karudi shule, anachechemea kidogo.