Tenki la lita 1,000 nikilipeleka lita 2,000, kila upande nizidishe mara ngapi?

FundiMoto: Wakuu, heshima kwenu. Nachomelea matenki ya chuma. La kawaida ni mita 1 kila upande, linabeba lita 1,000 na linakula shiti 3 za futi 4 kwa 8. Mteja kaja anataka "la mara mbili yake". Nikaweka mita 2 kila upande, nikampigia bei ya shiti 6. Sasa shiti zimeisha, mfuniko wote bado, na nusu ya ubavu mmoja iko wazi. Nimekosea wapi?

Mchemraba: Pole sana mkuu. Umezidisha kwa 2 mara tatu: urefu, upana, kimo. 2 × 2 × 2 ni 8, kwa hiyo hapo una tenki la lita 8,000! Chuma chenyewe hakifuati ujazo, kinafuata eneo, yaani 2 × 2. Kutoka mita za mraba 6 umefika 24, na shiti moja haifiki hata 3. Ukitaka ujazo uwe mara mbili, tafuta kipeuo cha tatu cha 2, yaani namba ambayo tatu zake zikizidishwa pamoja zinatoa 2; ni kama 1.26. Kila upande sentimita 126.

BabuGeji: Hesabu ya kijana ni sahihi, ila shiti ya futi 4 ina upana wa sentimita 122. Hiyo 126 itakulazimu kuunga vipande vya sentimita 4 kila ubavu, na kila kiungo ni mlango wa kuvuja. Fanya 120 kwa 120, kimo 139. Inatoka lita 2,001 na ushee. Zungushia engo (chuma chenye umbo la L) katikati, maana kimo kikipanda maji yanasukuma zaidi kule chini. Na lile la mita 2 nakuomba usilijaze kabisa. Ni tani 8 za maji juu ya stendi uliyozoea kuipa tani 1. Litaua mtu.

FundiMoto: Asante Babu, asante Mchemraba. Nimempigia mteja, amekubali 120 kwa 120 kwa 139. Leo nakata viungo. Vipande vyangu vya 122 kwa 200 vinatoa mbavu zote nne, naongeza shiti 1 ya kitako na mfuniko, gharama yangu. Engo niiweke ndani au nje?

BabuGeji: Nje. Ndani itakusanya kutu.