Laini mbili, bando la dakika au Wi-Fi: ipi inaokoa pesa ya nyumba?

MamaWawili_Umoja: Wadau, hamjambo. Mwezi uliopita niliandika kila shilingi ya vocha nyuma ya kalenda ya jikoni. Mimi na mzee wangu: 1,940. Stima haifiki hapo! Mama yuko Vihiga na simu yake ni mulika mwizi, ile ndogo ya vitufe, tena ya mtandao mwingine. Niongeze laini ya pili, ninunue bando la wiki, ama niweke Wi-Fi tupigiane kwa WhatsApp?

KondaMstaafu: Laini mbili, dada, kila mtandao upige na laini yake. Nyinyi hamkuona zamani. Kupiga nje ya mtandao ilikuwa unaongea ukiangalia saa. Halafu Agosti 2010 Zain, hawa Airtel wa sasa, wakashusha hadi shilingi 3 kwa dakika, mtandao wowote. Pale Muthurwa watu walikuwa wanapiga simu za salamu tu.

Hesabu_Buru: Konda, haikuwa huruma ya Zain peke yake. CCK, wasimamizi wa mawasiliano ambao sasa ni CA, ilikuwa imekata ada ambayo kampuni hulipana simu ikivuka mtandao, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21. Imeshuka tena na tena. Machi 2024 ikafika senti 41. Lakini hizo senti wanalipana wao kwa wao. Bei yako wewe inapangwa na kampuni, kwa hiyo usingoje CA ikupunguzie.

Na msisahau ushuru. Sheria ya Fedha ya 2023 ilishusha ule wa bidhaa kwenye huduma za simu kutoka asilimia 20 hadi 15, na juu yake kuna VAT ya 16. Ukipiga hesabu kwa viwango hivyo, vocha ya mia inaacha kama 25 Times Tower, kwa watu wa ushuru, kabla hujasema "halo".

Nyar_Kariobangi: Mimi nilikuwa wa bando la wiki. Jumapili moja nikaona nina dakika 31 na zinakufa saa sita usiku. Saa tano na nusu nikampigia mama mkwe nizimalize. Akapokea akilia, anauliza ni nani amekufa. Sijanunua tena bando lenye mwisho.

FundiWaPloti: Wi-Fi ya kupigia simu tu ni hasara, na mulika mwizi haina WhatsApp, kwa hiyo hapo hakuna mjadala. Ila kama watoto wanaitumia kwa masomo, gawaneni na jirani. Sisi tuko nyumba nne kwa bili moja. (Anayechelewa kulipa tunambadilishia neno la siri, anatupata mwenyewe.)

KondaMstaafu: Na usihamishe namba yako. Kuhama na namba kuliruhusiwa tangu 2011, lakini M-Pesa haihami nawe, na chama chote kinakutumia pesa hapo.

MamaWawili_Umoja: Asanteni. Nimepitia orodha ya simu nilizopiga: karibu zote za nje ya mtandao ni za mama na dada zangu wawili, na wote wako mtandao mmoja. Kwa hivyo leo nimenunua laini ya huko, nimeiweka kwa nafasi ya pili. Nimempigia mama mara tatu, hapokei. Nimetumia ile ya zamani kumuuliza kulikoni. Ananiambia, "Kuna tapeli ananisumbua tangu asubuhi."

Nyar_Kariobangi: 😂 Tuma mtoto wa jirani akamhifadhie namba.