Kiungo wa miaka 16 hapa Malindi: atafikaje soka la kulipwa?

MjombaWaShela
Assalaam alaykum jamaa. Mpwa wangu wa kike ana miaka 16, yuko kidato cha tatu hapa Malindi, kiungo namba 8. Kuna mtu ajiitaye wakala, ataka shilingi 30,000 za majaribio ampeleke Dar es Salaam akasajiliwe. Mamake ashaanza kuchangisha. Je, kisheria lawezekana? Na hii miaka miwili kabla hajafika 18 ajiandae vipi?

KanuniNaMpira
Waalaykum salaam mjomba. Mwambie dadako asitoe hata senti. Kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA za uhamisho hakiruhusu mchezaji kusajiliwa nchi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18. Misamaha ni michache, kama wazazi kuhamia nchi hiyo kwa sababu isiyohusu mpira, na huyu hana msamaha wowote kati ya hiyo. Kwa hiyo hata aking'ara kwenye majaribio, usajili haupiti.

Wakala halali ana leseni ya FIFA, na jina lake laonekana kwenye orodha yao mtandaoni. Kwa mtoto, hafanyi lolote bila idhini ya mzazi kwa maandishi. Tena hulipwa kamisheni mkataba ukishapatikana. Anayetaka ada ya majaribio mwanzoni ni tapeli, mkimbieni.

Kwa sasa shughulikieni makaratasi. Jina na tarehe kwenye cheti cha kuzaliwa zifanane herufi kwa herufi na za shuleni, kisha ombeni pasipoti. Herufi moja ikitofautiana, usajili hukwama dirisha la usajili likiwa linafungwa. Na asiache shule: mashindano ya shule za sekondari yana macho mengi, na Kilifi, mwendo wa kama kilomita 60 tu, kuna Moving the Goalposts, wanaoendeleza soka la wasichana tangu 2001.

NambaNane
Namba 8 huhukumiwa kwa anachokijua kabla mpira haujamfikia. Fanyeni hivi: mpasiaji asimame mita 10 mbele yake, mwenzake mwingine nyuma akiinua vidole. Mpira ukiwa njiani, binti achungulie bega la kulia, kisha la kushoto, ataje idadi ya vidole, ndipo apokee kwa mguu ulio mbali na mpasiaji, kiwiliwili kikiwa nusu wazi kuelekea lango la wapinzani. Mipira 10 kila upande, raundi 4.

Kosa nitakalolitaja mara elfu ni kuchungulia baada ya kugusa mpira. La pili ni kupokea kwa mguu wa karibu huku amelipa mgongo lango la wapinzani. Hapo hana njia ila kurudisha nyuma, na kocha wa klabu kubwa hulisoma hilo ndani ya dakika 10.

Pumzi: kiungo wa ngazi ya juu hukimbia takriban kilomita 10 kwa mechi, lakini kinachomwangusha ni kurudiarudia mbio za kasi. Mita 30 mara 6, apumzike sekunde 25 baina ya kila moja, seti 3, siku mbili kwa wiki. Ufukweni aende maji yakipwa, kwenye mchanga mgumu uliolowa. Mchanga mkavu ukizidi huumiza kano ya kisigino. Wakati wa kaskazi ni alfajiri au baada ya alasiri, basi.

Rekodini mechi nzima, kamera iwe juu, hata kwenye paa la gari, ionyeshe wachezaji wengi kwa pamoja. Video ya mabao matupu haimsaidii kiungo, maana kazi yake nyingi iko pale asipokuwa na mpira.

GotiKwanza
Naongezea goti, kwa sababu ndilo linalokatiza wasichana wengi. Kano ya mbele ya goti hukatika zaidi kwa wanawake kuliko wanaume, mara nyingi bila kuguswa na mtu, wakati wa kutua au kukata kona huku goti likiinama kwa ndani. Ikikatika, kurudi uwanjani ni miezi 9 au zaidi.

Kinga ipo: FIFA 11+, mazoezi ya kupasha mwili na kujenga nguvu, yafanywe kwa dakika 20 kabla ya mazoezi ya kawaida, angalau mara mbili kwa wiki. Msiruke sehemu ya nguvu ya katikati mkakimbilia mbio. Akiruka, mwenzake amtazame kwa mbele: goti lifuate vidole vya mguu.

Viwanja vyetu vikavu vigumu vyataka viatu vyenye njumu (meno ya soli) fupi, nyingi. Ndefu hunasa ardhini, mwili ukageuka na goti likabaki.

Na chai aiache mpaka saa moja baada ya chakula, kwani huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Maharage na mchicha akamulie ndimu.

MjombaWaShela
Shukran sana, mchango tumeusimamisha. Akifika 18, kwenye mkataba tuangalie nini?

KanuniNaMpira
Vipimo vya afya vifanywe kabla ya kusaini, maana mkataba hauwezi kufungwa kwa sharti la kufaulu vipimo. Mshahara uandikwe kwa tarakimu na tarehe ya malipo, pamoja na nyumba, matibabu ya majeraha na tiketi ya kurudi nyumbani. Ahadi ya mdomo haina kesi. Likizo ya uzazi ni wiki 14 kwa uchache, kwa angalau theluthi mbili za mshahara, na klabu hairuhusiwi kumfukuza kwa ujauzito.

Wasipomlipa miezi miwili, asiondoke kambini kimya kimya. Awaandikie barua, awape siku 15 walipe deni lote, abaki na nakala yenye tarehe. Zikipita bila malipo, ana haki ya kuvunja mkataba.