Marejeo 112 nimeyachapa kwa mkono, sasa hayalingani na sura zangu. Nifanyeje?

Mwanafunzi wa Ng'ong'ona

Wakuu, habari za jioni. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi. Msimamizi amenirudishia sura ya pili imejaa wino mwekundu: vyanzo 17 nimevitaja ndani lakini kwenye orodha ya marejeo havimo. Vingine vimo kwenye orodha, ndani havionekani. Orodha yote nimeichapa mwenyewe kwa miezi minane. Nimeambiwa nitumie Zotero au Mendeley, programu za kompyuta za kupanga marejeo. Ipi itanifaa mimi mtu wa bando la wiki? Na je, itayatambua niliyokwisha kuyachapa? Nimebakiza wiki tatu. Mtindo wetu wa kuandika marejeo ni APA.

Mkutubi wa Makole

Pole sana, mdogo wangu. Naanza na la mwisho maana ndilo gumu: haitayatambua. Jina na mwaka ulivyovichapa kwenye mabano, kwa Zotero ni maandishi tu. Utafuta kimoja kimoja na kukiingiza upya kwa kitufe chake ndani ya Word. Ukimaliza, orodha inajijenga yenyewe: uliyemtaja anaingia, uliyemfuta anatoka. Tenga siku mbili, zinatosha.

Mimi nakushauri Zotero. Ilianzia Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, mwaka 2006, na ni ya bure. Mtandaoni inakupa MB 300 tu za kuhifadhi mafaili, lakini hilo lisikutishe. Zima upakiaji wa mafaili, ziende taarifa za vyanzo peke yake. Hizo hazihesabiwi kwenye MB 300 na bando halitaumia. PDF zikae kwenye laptopu na nakala kwenye flashi. Kuandika hakuhitaji intaneti.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana kila mwaka naliona kosa hili kwenye kazi za wanafunzi na linaniuma. Programu hudhani kila mwandishi ana jina la kwanza na jina la ukoo. Ripoti ya sensa ya 2022, mmoja wa waandishi wake ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Jina hilo likigawanywa, "Takwimu" inageuka ukoo na ofisi nzima inabaki herufi za kwanza tu. Wizara nazo hivyo hivyo, na Jamhuri ya Muungano pia. Kando ya sehemu ya mwandishi kuna kialama kidogo kinachounganisha sehemu mbili kuwa moja. Kibonyeze kwanza, ndipo uandike jina zima la taasisi. Rekebisha siku ile ile unapoingiza chanzo, kingali mbele yako.

Mhitimu, sasa niko Singida

Naunga mkono. Nyongeza yangu: makala yenye DOI, yaani namba yake ya utambulisho mtandaoni, usiichape. Bandika ile namba kwenye kitufe chenye picha ya kifimbo, taarifa zitajaa zenyewe. Kitabu, tumia ISBN, namba yake ya utambulisho. Hata hivyo kagua, mimi niliwahi kuletewa kichwa cha makala chote kwa herufi kubwa nikakipeleka hivyo hivyo. Na kabla ya kukata muunganisho wa Word na Zotero ili ukabidhi, hifadhi nakala nyingine. Ukishakata, orodha haijirekebishi tena.

Mwanafunzi wa Ng'ong'ona

Asanteni sana. Tangu jana nimeingiza 46. Ripoti moja ya zamani ya kilimo haina namba yoyote, nimeijaza kwa mkono nikiwa na jalada mbele yangu. Nimekwama hapa: kati ya vile 17, vinne ni mazungumzo ya simu na afisa ugani. Nivichague kama aina gani?

Mkutubi wa Makole

Usiviingize kabisa. Kwa APA, mazungumzo ambayo msomaji hawezi kuyapata popote hutajwa ndani tu: jina, kwamba ni mawasiliano binafsi, na tarehe kamili. Kwenye orodha hayakai. Kwa hiyo ulivyokosa ni 13. Mwonyeshe msimamizi hivyo vinne kwa adabu, na tarehe za simu zote uwe nazo.