Bweni kwa mtoto wa darasa la pili: waraka ulikosea, au ni sisi wazazi?

Baba Wawili, Goba:
Wakuu, habari za jioni. Najua mada hii ilitikisa sana mwaka 2023, lakini nairudisha kwa sababu mtaani kwangu wazazi bado wanaulizana ni shule gani inapokea wadogo kimyakimya.

Kwa ambao hawakufuatilia: kuanzia Machi 1, 2023, Kamishna wa Elimu wa Tanzania, kwa waraka, alipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, labda shule iwe na kibali chake maalumu. Hoja ilikuwa kwamba mtoto wa umri huo alelewe na familia yake. Wengi tulikasirika, mimi nikiwa wa kwanza. Ada ya muhula nilishalipa.

Kilichonigeuza si waraka. Ni kijana wangu, darasa la pili wakati huo, aliporudi na tranka lake. Jioni ya kwanza mezani akanyoosha kidole juu, kimya. Mama yake akamuuliza unataka nini. "Naomba ruhusa niende chooni." Nyumbani kwao! Tukacheka. Usiku nikamkuta amelala kakumbatia viatu vya shule ndani ya shuka, maana bwenini visipofichwa vinaondoka. Hapo hatukucheka tena. Na ripoti yake ilikuwa A tupu.

Ninachosema ni hiki: tulikuwa tunanunua wastani mzuri wa upimaji wa darasa la nne, na anayelipa ni mtoto. Hata NECTA, Baraza la Mitihani, walipoacha kutangaza shule kumi bora, Januari 2023, tuliendelea kuzipanga wenyewe kwenye magrupu. Waraka uko sahihi, tuache kutafuta vichochoro. Nipingeni.

Nesi wa Mwanza:
Nakupinga, kaka. Wewe una mama yake hapo mezani. Mimi niko peke yangu, zamu ya usiku mara tatu kwa wiki. Dada wa kazi nimebadilisha wanne ndani ya mwaka mmoja. Wa mwisho alimfungia mtoto chumbani akaenda saluni. Bwenini walau kulikuwa na matroni, na saa ya kulala inajulikana. Waraka unasema alelewe na familia. Familia ndiyo mimi, na mimi niko wodini.

Matroni Mstaafu:
Nimelea bweni miaka tisa. Mwanangu nesi, hilo la "walau kuna matroni" usiliegemee sana. Tulikuwa wawili kwa watoto sitini na kitu. Alfajiri kazi ya kwanza ni kupapasa magodoro, nani kakojoa. Ukimpata unamtoa haraka kabla wenzake hawajaamka, maana wakijua watampa jina, na jina hilo halimtoki hadi darasa la saba. Nikifika kitanda cha ishirini wote wako macho.

Halafu mtoto wa miaka saba hakwambii ana huzuni. Anakwambia tumbo linauma, na linauma kila Jumapili ya kutembelewa, gari la wazazi likishatoka getini. Tulikuwa tunampa dawa ya tumbo.

Mwalimu wa Kutwa:
Mnaongea kama vile kutwa ni pepo. Basi la shule linampitia mtoto saa kumi na moja alfajiri, giza, anasinzia njia nzima, anarudishwa saa kumi na mbili jioni na kazi ya nyumbani ya kurasa nne. Huyo naye yuko bweni, ila lake lina magurudumu.

Na wale wanaosema shuleni kuna mwalimu wa ushauri na unasihi: ndiyo mimi. Ofisi yangu ya unasihi ni chini ya mwembe, nikishamaliza vipindi na madaftari ya watoto 120. Mwembe hauna mlango. Nani atakuja kulia pale?

Mzazi, Marsabit:
Huku Kenya, Novemba 2022, Katibu wa Elimu ya Msingi Belio Kipsang alitangaza kuwa kuanzia Januari 2023 hakutakuwa na bweni kuanzia Gredi ya 1 hadi ya 9. Kelele zikapigwa, wizara ikalegeza. Ukiwa Nairobi utaona ni sawa lifutwe. Hapa kwetu mifugo ikihama, nyumba nayo inahama. Mtoto atakuwa wa kutwa akitokea wapi?

Ila mabweni yenyewe siyatetei. Septemba 2024 kule Nyeri moto uliua watoto 21 waliokuwa wamelala bwenini. Tangu hapo binti yangu wa Gredi ya 5 analala kitanda cha mlangoni. Alibadilishana na mwenzake kwa sabuni mbili.

Baba Wawili, Goba:
Mwalimu, kwenye basi umenifunga bao. Wangu nimemhamishia shule ya serikali, dakika kumi kwa miguu. Wastani umeshuka, mama mkwe hanisemeshi.

Dada nesi, jibu la zamu ya usiku sina. Kwetu kuna mwalimu mstaafu, nyumba ya tatu. Watoto watano wa mtaa wanashinda kwake tangu saa tisa mpaka wazazi warudi, na tukisafiri wangu analala huko. Kunyoosha kidole ameacha. Tranka tu liko chini ya kitanda, hataki litolewe.

Nesi wa Mwanza:
Huyo mstaafu mnampa shilingi ngapi kwa mwezi? Na siku akiugua yeye?