Tovuti yangu ya Tekken imegeuzwa ya mikeka ya kubeti, na wanaochanika (waliopoteza) wananipigia mimi usiku

Wakuu, salamu baadaye. Jana saa tano na robo usiku nimepigiwa simu na mtu nisiyemjua, sauti ya mtu mzima kabisa, ananiuliza kwa nini nimempa sare mechi ambayo kila mtu alijua mwenyeji anashinda. Nikamwambia amekosea namba. Akanisomea namba yangu yote, tarakimu moja moja, akasema ameitoa kwenye tovuti yangu, na kwamba elfu ishirini yake imekwenda na maji kwa ajili yangu. Huyo ni wa nne ndani ya wiki mbili. Wa kwanza alinitukania mama. Wa pili alikuwa mpole, aliomba tu nimpe "mkeka wa kurudishia".

Mimi sibeti. Mimi nilikuwa na tovuti ya Tekken, ile gemu ya video ya kupigana.

Nikaenda kuiangalia kwenye simu. Juu kabisa bado kuna picha yangu niliyoihangaikia wiki nzima, mpiganaji King na kile kichwa chake cha chui, kanyoosha kidole. Chini ya kidole pameandikwa MKEKA WA LEO ODI 15, UHAKIKA. Makala zote hakuna. Kitabu cha wageni hakuna. Kilichobaki changu ni picha ya King na ukurasa wa Wasiliana Nasi wenye namba yangu, kwa sababu mheshimiwa aliyeichukua alifuta kila kitu ila akasahau kufuta hapo. Au hakusahau. Sijui niamini lipi.

Najua watakuja watu hapa na "si katovuti tu mkuu, fungua kengine". Kabla hamjaandika hivyo, someni.

Mimi ni mtoto wa Magomeni. Kibanda chetu cha gemu kilikuwa nyuma ya gereji, TV mbili za chogo, PlayStation mbili, moja ilikuwa haisomi CD mpaka uipindue ikae kichwa chini, na mtu akigonga meza mchezo unaganda na hela yako imekwisha. Shilingi hamsini pambano moja, anayepigwa anampisha mwenzake. Winning Eleven, gemu ya mpira, ilikuwa ya kaka wakubwa. Sisi wadogo tulipewa Tekken 3. Ilitoka Japani mwaka 1997 kwenye mashine za sarafu, ikaingia PlayStation 1998, sisi ikatufikia ikiwa CD ya kuchoma, imeandikwa juu kwa maka peni TEKEN, K moja.

Raha yake ilikuwa haihitaji kusoma. Kila kitufe ni kiungo cha mwili. Mraba mkono wa kushoto, pembetatu wa kulia, msalaba mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Dogo asiyejua neno la Kiingereza akikaa dakika kumi anajua mikono yake iko wapi. Ila sasa mapigo yana majina, na majina yake halisi yalikuwa Kiingereza na Kijapani, hakuna aliyeyajua. Tukayapa yetu.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo, sio kwenye domeni (anwani ya tovuti).

King akikushika miguu akakuzungusha, hiyo ilikuwa *pangaboi*. Ile ngumi nzito ya Paul, unayoitoa kwa kuzungusha chini kwenda mbele halafu pembetatu, iliitwa *nauli*, kwa maana ikikupata umeshapewa nauli ya kurudi kwenu. Anayemchukua Eddy na kubonyeza miguu bila mpango alikuwa *anakoboa*, na mwenye kibanda aliwahi kubandika karatasi ukutani: KUKOBOA MWISHO SAA MOJA JIONI. Mokujin, lile jitu la mbao linalobadilisha mtindo wa mtu mwingine kila raundi, tulimwita Gogo, na aliyeshinda na Gogo alisemekana ametoka kwa mganga. Gon alikuwa Mjusi. Heihachi, Babu. Baadaye kwenye Tekken 5 ile ngumi ya Kazuya yenye cheche za umeme, ambayo lazima ubonyeze pembetatu papo hapo fimbo inapofika chini-mbele, ukichelewa hata sehemu moja ya sitini ya sekunde haitoki, iliitwa *shoti*. "Jamaa anapiga shoti" ilikuwa sifa kubwa kuliko kufaulu darasa la saba.

Nilipokwenda kucheza Temeke nikakuta *pangaboi* wao wanaiita *kinu*. Mwananyamala *nauli* waliiita *kwaheri*. Nikaanza kuandika kwenye daftari: jina, kitongoji, vitufe. Nilikuwa kidato cha pili. Hakuna mwalimu aliyenituma.

Tovuti ya kwanza niliijenga 2006. Mwaka wa ule mgao mrefu wa umeme, wanaokumbuka wanakumbuka. Nilikuwa naandika msimbo wa tovuti nyumbani kwenye daftari kwa kalamu, HTML kwa mkono, halafu naenda intaneti kafe Kariakoo na disketi kunakili kwenye kompyuta. Umeme ukikatika katikati, kazi yote imekufa na muda wako umelipiwa. Intaneti yenyewe ilikuwa ya setilaiti, picha moja ya Nina, mpiganaji wa kike wa Tekken, inafunguka kuanzia nywele, unalipa, anafika kiunoni muda umeisha. (Wahudumu wa kafe walikuwa na maoni yao kuhusu kwa nini nasubiri picha ya yule mdada.)

Huko ndiko nikajua kwamba kuna watu Ulaya na Marekani wana tovuti nzima za mashabiki, wameandika kila pigo na kila mwisho wa kila mhusika. Sisi kibandani hadithi tulikuwa tunaitunga kichwani kwa kuangalia video za mwisho. Tuliamini Jin ni mtoto wa Paul. Nikasoma, nikaandika kwa Kiswahili makala niliyoiita "Nani kamtupa nani": Heihachi kamtupa mwanawe Kazuya bondeni ana miaka mitano. Kazuya kakua, kamshinda baba, kamtupa bondeni na yeye. Baba karudi, kamtupa mwana kwenye volkano. Kaja mjukuu Jin, babu kamlea, kamtumia kama chambo cha kunasa zimwi, kazi ilipoisha kampiga risasi. Shangazi yangu aliisoma akasema hawa ni wa kule kwetu kabisa, inaonekana kuna shamba.

Kitabu cha wageni kikaanza kujaa. Watu wa Tanga, Mombasa, Zanzibar, kuna mmoja alikuwa Muscat. Kila mmoja analeta jina la pigo la mtaani kwake. Mombasa *pangaboi* hawaitaki kabisa, wana lao. Ulitokea ugomvi wa kurasa na kurasa kuhusu neno moja. Mpaka naacha kuhesabu kulikuwa na majina zaidi ya mia tatu, kila moja na mji wake na aliyelileta. Leteni mahali pengine popote penye kitu hicho. Hakuna. Wenzetu wana majina yao rasmi kwenye vitabu vya gemu. Yetu yalikuwa pale tu.

Julai 2009 mkonga wa intaneti wa Seacom ukaanza kazi hapa Dar, tukaanza kuona intaneti ina sura gani. Oktoba mwaka ule ule GeoCities, pale watu walipojengea tovuti za bure, ikafungwa, na tovuti nyingi nilizojifunzia zikazimika siku moja kama mtaa uliokatwa umeme. Kwa hiyo nilionywa. Niliona kwa macho yangu kwamba nyumba ya mtu huvunjwa bila wewe kuulizwa. Nikanunua domeni yangu ya .co.tz mwaka 2011 nikajiona mjanja.

Sasa 2018. Zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni: ada ya maombi shilingi 100,000, leseni 1,000,000, na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Mimi nilikuwa nauza vipuri dukani kwa mtu. Je, mtu anayeeleza namna ya kukwepa teke la Hwoarang naye ni mtoa maudhui? Niliuliza watu watatu nikapata majibu manne. Nikataka kuifunga.

Ndipo akaja huyu. Simtaji jina, mods (wasimamizi wa jukwaa) tulieni, simtaji wala sitamtaja. Alikuwa mmoja wa wageni wa zamani, tumekunywa naye chai, amekula nyumbani kwangu. Akasema ana kampuni iliyosajiliwa na vibali, "weka domeni kwa jina la kampuni bro, wewe endelea kuandika kama kawaida, mimi ni kivuli tu". Nikasaini. Kwenye Tekken 3 Paul anampiga Ogre, lile zimwi, anaona ameshinda, anaondoka zake nyumbani. Nyuma yake lile zimwi linaamka na umbo jingine, na mtu mwingine ndiye anayekuja kulimaliza. Paul hajui. Kila mtu kibandani alikuwa anamcheka Paul.

Miaka mitano alikaa kimya, nikaandika vizuri tu. Mwaka 2019 Arslan Ash wa Lahore, Pakistani, alipochukua Evo, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, ya Japani na ya Las Vegas ndani ya mwaka mmoja, niliandika makala ndefu kuliko zote, kwamba kumbe mtu anaweza kutoka mji ambao dunia haiutaji kwenye Tekken akawapiga Wakorea na Wajapani. Vijana wa Tandika waliisoma kwa sauti kibandani. Nayo imefutwa.

Tekken 8 ikatoka tarehe 26 Januari 2024. Nikaingia niandike. Nywila imekataliwa. Nikampigia, "tunahamisha seva mkuu, vuta subira". Februari, seva. Aprili Eddy karudi kwenye gemu, watu wananitumia ujumbe "leo tunakoboa tena", mimi sina pa kuandika, bado seva. Kisha simu ikawa haipokelewi. Nikaacha kufuatilia, ndiyo, hapo nina kosa langu, nilikuwa na mtoto mchanga. Hadi hawa wachanikaji walipoanza kunipigia.

Juzi nimemfuata mwenyewe Sinza. Hakukana. Ananiambia domeni ina umri, injini za utafutaji zinaipenda, "wewe ulikuwa unaitumia kwa watoto wa gemu, mimi nimeipa kazi". Nikamwambia baki nayo. Nipe makala na kitabu cha wageni, faili moja tu, inaingia hata kwenye flashi ya shilingi elfu kumi. Akasema atanipa kwa laki nane, eti gharama ya kuhifadhi. Laki nane! Kwa majina niliyoyaokota mimi kwa miguu, mtaa kwa mtaa!

Najibu walioanza kuuliza huko chini:

Aliyeuliza kuhusu nakala: nilikuwa nayo kwenye diski ya nje. Mpwa wangu aliifomati aweke muvi za kutafsiriwa. Nimeshamaliza kulia kuhusu hilo, usinikumbushe.

Aliyesema niangalie Wayback Machine, hifadhi ya nakala za tovuti za zamani: nimeangalia usiku kucha kwa bando langu. Imeshika ukurasa wa mbele mara kadhaa na makala tano. "Nani kamtupa nani" ipo, picha hazifunguki. Kitabu cha wageni hakikushikwa hata ukurasa mmoja.

Aliyesema nina haki kwa kuwa nililipia mimi: kwenye rekodi mwenye domeni ni yule aliyeandikwa kama msajiliwa, na nilisaini kwa mkono wangu. Wenye tovuti zenu zilizofunguliwa na "kijana wa kompyuta", nendeni leo mkaangalie imeandikwa jina la nani.

Na wewe unayesema mtu mzima analilia gemu: sawa. Nalia. Wewe mkeka wako umechanika wiki hii mara ngapi?

Ninachotaka ni kimoja. Yeyote aliyewahi kunakili, kupiga picha, au kuchapisha ukurasa wowote wa yale majina, anijibu hapa. Hata ukurasa mmoja. Hata kama unakumbuka tu mtaani kwenu mlikuwa mnaitaje, andika pigo, jina, na mji. Naanza upya kwenye daftari.

NYONGEZA, saa nne usiku: Kuna mkuu kanifuata pembeni. Mjomba wake alikuwa na kibanda Tandika, na 2008 alichapisha orodha yangu yote kafe, kurasa kumi na moja, akabandika ukutani ili watoto waache kumsumbua na maswali. Kibanda sasa ni saluni. Anasema kurasa nne bado zipo nyuma ya kioo, zimepakwa rangi pembeni lakini zinasomeka. Nyingine saba mjomba alifungia maandazi. Jumamosi asubuhi naenda na simu yenye chaji.

NYONGEZA ya pili: amepiga wa tano. Anataka odi za kesho. Nimempa namba ya mwenye tovuti.